Naacha kazi kabla notisi haijaisha: nitoroke au nimkabili bosi?

Mama, shikamoo.

Nina miaka 27, ni karani wa ghala la korosho hapa Mtwara mjini. Kazi hii nina mwaka mmoja na miezi saba. Mshahara wangu ni shilingi 390,000 kwa mwezi na tunafanya kazi siku sita kwa wiki. Likizo ya mwaka wa kwanza nilikwenda, ya mwaka huu bado. Kazi aliniunganishia mjomba wangu, kaka yake mama, ambaye amejuana na bosi tangu wakiwa vijana Newala.

Mwanangu wa kike ana miaka mitatu na nusu, anaishi na mama yangu Lindi. Kwa msimu huu naweza kumaliza mwezi na nusu sijamwona. Tunapokea magari mpaka usiku, mara nyingi tunafunga saa tatu, na Jumapili ninayoipata nalala tu. Mara ya mwisho nilipofika nyumbani alijificha nyuma ya khanga ya bibi yake, akachungulia, akauliza, "Bibi, huyu mgeni atalala?" Mama alicheka. Mimi niliingia bafuni.

Wiki hii nimepata kazi Lindi, mtunza stoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mshahara unazidi wa sasa kidogo tu, lakini saa kumi na moja jioni wanafunga na nyumbani ni kwa miguu. Wananitaka niripoti wiki mbili kuanzia Jumatatu hii inayokuja.

Mkataba wangu hauna tarehe ya mwisho. Umeandika notisi ni siku 28 kwa pande zote mbili. Juzi nilimdokeza bosi. Akaniambia, "Msimu huu hatoki mtu. Wakati wa msimu notisi ni miezi mitatu." Akasema nikiondoka, mshahara wa mwezi huu sahau, na vyeti vyangu halisi vya kidato cha nne na cha chuo, ambavyo alivichukua siku ya kwanza, navyo hatanipa. Halafu akasema ataniripoti polisi.

Wenzangu nao kila mmoja na lake. Mmoja anasema nisiseme neno, nikishapokea mshahara nizime simu, nipande basi. Mwingine anasema niombe likizo niunge nayo, nisirudi. Mjomba bado hajui chochote, na ukweli naogopa kumkosea yeye kuliko bosi.

Je, naweza kufungwa? Nina haki ya kudai chochote? Na mjomba nimwambieje?

Karani, Mtwara

JIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma asubuhi na najibu leo hii hii, maana siku zako zinahesabika.

Nianze na linalokunyima usingizi. Hufungwi. Kuacha kazi kabla ya notisi kuisha si kosa la jinai. Ni jambo la mkataba kati ya mwajiri na mfanyakazi, na polisi hana la kufanya hapo. Hakuna sheria Tanzania inayomshika mtu mkono na kumrudisha kazini asikotaka kukaa. Kilichopo ni hesabu ya fedha, basi. Hesabu hiyo ipo kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, kifungu cha 41. Kinasema mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi, akishapita mwezi wa kwanza kazini, notisi yake isipungue siku 28. Mnaweza kukubaliana muda mrefu zaidi, lakini uwe sawa kwa wote wawili. Kwa hiyo, ile "miezi mitatu wakati wa msimu" ya bosi, ambayo haimo kwenye mkataba, iache ipite kama upepo wa baharini. Zako ni 28.

Sasa ukifanya kazi nusu ya hizo siku ukaondoka, inakuwaje? Kifungu hicho hicho kimelijibu. Mfanyakazi akikataa kufanya kazi kipindi cha notisi, mwajiri anaruhusiwa kukata, kwenye fedha ambazo mfanyakazi anamdai, kiasi kile ambacho angemlipa kwa siku alizokataa. Anakata za siku hizo tu. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba atazuia mshahara wa siku ulizokwisha kuzitolea jasho.

Tuzihesabu, kwa sababu nimeona watu wengi wakikimbia deni ambalo hawajawahi kulipiga hesabu. Jedwali la sheria hiyo linataka mshahara wa mwezi ugawanywe kwa 4.333 upate wa wiki, kisha ugawanye kwa siku unazofanya kazi katika wiki. Kwako 390,000 inaleta kama 90,000 kwa wiki, na kwa siku sita ni 15,000 kwa siku. Ukitoa barua Jumatatu, siku 28 ni wiki nne kamili. Mbili utazifanya, mbili utaziacha. Wiki mbili ni siku 12 za kazi. Mara 15,000 ni 180,000. Hilo ndilo deni lako lote la notisi.

Upande wa pili, yeye anadaiwa nini na wewe? Likizo. Umemaliza miezi saba ya mwaka wa pili bila kwenda. Ajira inapokoma, sheria inataka ulipwe mshahara wa siku moja kwa kila siku 13 ulizofanya kazi. Miezi saba kwa siku 26 za kazi kila mwezi ni siku 182, gawanya kwa 13, unapata 14. Mara 15,000 ni 210,000. Umeona? Akikata yote anayoruhusiwa kukata kwa ajili ya notisi, bado likizo yako inalifunika deni na 30,000 inabaki, mbali na mshahara wa siku ulizofanya kazi. Ulikuwa unataka kutoroka usiku na kumwachia fedha zako mezani.

Na hizo saa za mpaka saa tatu usiku zina malipo yake pia. Saa ya ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida wa saa. Kama hujalipwa, andika tarehe na saa kwenye daftari lako ungali unakumbuka. Usianze nazo kwenye mazungumzo, maana zitamfanya ajihami. Ziwepo tu. Kiinua mgongo kinacholipwa mwajiri anapokuachisha usikitegemee, kwa kuwa unaondoka mwenyewe.

Kuhusu ushauri wa wenzako: ule wa likizo utakuangusha. Sheria imekataza notisi kutolewa mtu akiwa likizo, na imekataza siku za notisi na za likizo kwenda pamoja. Ukienda likizo usirudi, umeondoka bila notisi kabisa, tena umeongopa. Ule wa kuzima simu ndio unaonitisha, na nitakueleza kwa nini.

Nilikuwa mwakilishi wa wafanyakazi kwenye kiwanda cha kubangua korosho kwa miaka 11. Kijana mmoja wa stoo alipata kazi Kilwa, akaondoka Jumamosi jioni bila kuaga. Funguo aliziacha kwa mama muuza vitumbua nje ya geti, amezifunga kwenye mfuko wa rambo. Hakuwa mwizi, nakuapia. Alikuwa anaona aibu tu kumkabili meneja. Jumatatu stoo ilipofunguliwa, magunia tisa hayakuonekana. Mpaka leo sijui yalikwenda wapi wala yalitoka lini. Ila lilipoulizwa jina, jina lililotajwa lilikuwa la yule asiyekuwepo. Mama wa vitumbua aliitwa kuhojiwa, akaingia ofisini na sinia lake la bati, mikono inatetemeka mpaka mfuniko unagongagonga. Kijana alirudi kutoka Kilwa mara nne kwa nauli yake, na kazi mpya akaipoteza kwa kukosekana. Notisi haikumpeleka polisi yule kijana. Magunia ndiyo yaliyompeleka.

Wewe ni karani wa ghala, mwanangu. Siku 14 ambazo hutazifanya zina bei, na bei umeiona. Ghala usilolikabidhi halina bei, linaweza kuwa kiasi chochote atakachosema mtu. Kwa hiyo hizi wiki mbili zilizobaki usizitumie kuhesabu siku. Zitumie kuhesabu magunia.

Fanya hivi. Omba akutajie mtu wa kumkabidhi, hata kama ni wa muda. Asipomtaja, hesabu mbele ya mlinzi na mmoja wa wapakuzi. Nendeni mrundo kwa mrundo, msihesabu kwa macho kutoka mlangoni. Kila mrundo andika idadi ya magunia, tarehe uliyopokea, kilo za siku ile na hali ya sasa: yapo juu ya chaga au sakafuni, yamelowa au makavu, yamechanika mangapi. Unajua kuliko mimi kwamba korosho ghafi hupungua uzito kadiri zinavyokauka ghalani. Ukiandika kilo peke yake, mwezi ujao atakayezipima ataona pengo na pengo hilo litakuwa na jina lako. Ndiyo maana nasema idadi ya magunia iende na kilo za kupokelea, na kama mna kipima unyevu andika kinachosema siku ya makabidhiano.

Vitabu vya stakabadhi visivyotumika, andika namba ya kwanza na ya mwisho ya kila kimoja. Muhuri wa ghala kama unao wewe, uukabidhi kwa maandishi na upige alama yake kwenye karatasi ya makabidhiano. Muhuri uliobaki mkononi mwa mtu aliyeondoka ni balaa kwa pande zote. Funguo nazo zitaje moja moja: ya mlango mkubwa, ya ofisi, ya kabati la vitabu. Mwisho wasaini watatu, wewe, anayepokea na shahidi, kila ukurasa, na tarehe. Piga picha kila ukurasa kwa simu yako kabla karatasi haijaenda ofisini.

Hata baada ya hapo akisema kuna upungufu, hawezi kujikatia tu. Makato ya hasara yana masharti yake: hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lako, akueleze kwa maandishi sababu, kiasi na jinsi alivyokipata, akupe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Neno "umeniletea hasara" peke yake halikati shilingi.

Vyeti. Hapa nakasirika kidogo, maana tabia hii ya kushika vyeti vya watoto wa watu kama rehani imezagaa mno kwenye ajira zetu ndogo ndogo. Cheti cha kidato cha nne ni chako, umekisotea wewe na mama yako amekilipia. Notisi haimpi mwajiri haki ya kukizuia. Zaidi ya hapo, ajira ikikoma yeye ndiye mwenye wajibu wa kukupa karatasi, yaani cheti cha utumishi kinachothibitisha kwamba ulifanya kazi kwake, na hilo si la kuombewa. Akigoma kukupa vyeti, au malipo, mwandikie barua fupi ya kuvidai, ubaki na nakala. Akiendelea kugoma, nenda kwa Afisa Kazi wa mkoa, au Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, ujaze fomu yao namba moja. Madai ya malipo ya namba hii yana siku 60 tangu mgogoro utokee, usikae ukisubiri msimu uishe. Nimeona mara nyingi bosi aliyekuwa akipiga meza anatulia anapopokea wito wa usuluhishi, kwa sababu huko anaulizwa mkataba unasemaje.

Niwakumbushe na wasomaji wengine, hasa vijana wanaochukuliwa kwa msimu wa korosho tu: kama mkataba wako una tarehe ya kuanza na ya kuisha, haya ya siku 28 usiyachukue kama yalivyo. Mkataba wa muda maalumu hauachwi katikati kwa notisi tu, labda mwajiri awe ameuvunja yeye au mkubaliane, na ukiuvunja anaweza kudai fidia. Soma ukurasa wa kwanza kabla hujaandika barua.

Kabla ya kumkabili bosi, wapigie simu hao wa Lindi uwaombe wiki moja tu. Waambie unakabidhi ghala. Mwenye duka anayetafuta mtunza stoo akisikia hivyo hatakuona msumbufu, ameona anamwajiri mtu wa namna gani. Wakikubali, deni lako la notisi linashuka mpaka 90,000. Wakikataa, basi, hesabu ya 180,000 inabaki pale pale na unaimudu.

Barua andika kwa mkono, inatosha. Sheria inataka iwe ya maandishi, yenye sababu na tarehe iliyotolewa. Iwe hivi:

"Mimi, karani wa ghala, naacha kazi kwa sababu nimepata kazi Lindi, karibu na mwanangu. Natoa notisi hii leo, tarehe fulani. Kwa mkataba wangu notisi ni siku 28. Nitafanya kazi siku 14 za kwanza na katika siku hizo nitakabidhi ghala kwa utakayemteua. Naomba uniruhusu niondoke baada ya hapo. Usiporidhia, siku 12 za kazi zitakazobaki zikatwe kwenye malipo yangu ya mwisho kama sheria inavyoelekeza. Naomba malipo yangu yanayobaki, pamoja na likizo, cheti cha utumishi na vyeti vyangu halisi, siku yangu ya mwisho."

Toa nakala mbili. Moja apokee, ya pili aisaini au aipige muhuri wa kupokea, ubaki nayo. Akikataa kusaini, mpe mbele ya mtu, na wewe uandike nyuma ya nakala yako saa, tarehe na jina la aliyekuwepo. Usibishane. Yeye yuko katikati ya msimu, magari yamepanga foleni nje, na anampoteza karani anayejua kila mrundo ulipo. Woga wake ni wa kweli, nao ndio uliozaa yale maneno ya polisi. Ukimwonyesha mapema kwamba ghala litakabidhiwa, nusu ya ukali utaisha.

Sasa mjomba. Umeweka swali lake mwisho, lakini nadhani ndiye wa kwanza kwako, na umefanya vizuri kuogopa kumkosea. Huku kwetu Kusini, ambako wengi tunahesabu ukoo upande wa mama, mjomba ni mjomba. Aliweka jina lake kwa rafiki yake ili wewe uajiriwe. Akisikia kwa bosi kwamba umeondoka, utakuwa umemvua nguo mbele ya mtu aliyekula naye ujana. Akisikia kwako, anakuwa na kitu cha kusema anaporudi kwa rafiki yake.

Nenda kwake kesho, kabla ya barua. Usimpigie simu. Mkute nyumbani, msalimie, kaa chini, umshukuru kwanza kwa kazi aliyokupa, maana kwa mwaka na miezi saba mtoto amekula kwa kazi hiyo. Usianze na sheria wala kifungu cha 41. Hesabu zile mwonyeshe baadaye, akiuliza, ili ajue humwachii rafiki yake deni. Na usimlalamikie bosi, ni mwenzake.

Mtoto huyo ni damu ya dada yake, ni wa ukoo wake yeye kabla ya kuwa wa mtu mwingine yeyote. Mwambie alivyojificha nyuma ya khanga na alichouliza, kwa maneno yale yale ya mtoto, usiyapambe. Kisha umwombe akusindikize Jumatatu asubuhi.